Neno "Karibuni Tena": Maisha ya Mama Persis Wakesho Ndeti, 1952–2025

Tunayemsindikiza leo hapa Ndara ni Mama Persis Wakesho Ndeti, ambaye Voi nzima ilimjua kama Mama Hillary wa Ukingoni, na ambaye katika miaka yake ya mwisho alijulikana pia, bila kupenda, kama yule mama aliyewakaribisha watu wa ghorofa. Baadhi ya wazee waliiomba familia iandike wasifu mfupi wa kawaida, na mambo ya kesi iyaache hukohuko mahakamani. Familia ililifikiria ombi hilo kwa heshima, ikashindwa. Ukiiondoa kesi katika maisha ya Mama unabaki na mwanamke mwingine kabisa, na huyo sisi hatumjui. Kwa hiyo mtatuvumilia.

Mama alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 katika kijiji cha Mgange, juu milimani Taita, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mwandawiro na marehemu mkewe Eliza, wakulima wa mahindi, maharagwe na ndizi. Nyumba yao ilikuwa kwenye kona ya njia iendayo sokoni, na Mzee Mwandawiro alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza hata siku ya njaa: mpita njia asiupite mlango wake kabla hajaitwa. Awe mtu wa kwao au mgeni, aliitwa. Mama alikuwa akisema kwamba alijua kusema karibu kabla hajajua kufunga kamba za viatu, ingawa viatu vyenyewe alivivaa mara ya kwanza akiwa darasa la sita.

Alianza shule mwaka 1961 katika shule ya misheni ya pale kijijini. Kuna kisa ambacho ndugu zake walimtania nacho mpaka uzeeni. Siku moja mkaguzi wa shule alifika bila taarifa, mwalimu akiwa ametoka nje kidogo. Darasa zima lilinyamaza kwa hofu. Wakesho, aliyekuwa na miaka kumi, aliinuka, akasema karibu, akampisha mkaguzi kwenye nafasi yake ya benchi, kisha akamkatia nusu ya kiazi kitamu alichobeba cha mchana. Mwalimu aliporudi alimkuta mkaguzi anatafuna. Mwalimu alitaka kumchapa, mkaguzi akamkataza, akasema hajapata kuipenda shule namna hiyo tangu apande mlima. Wakesho alimaliza darasa la saba mwaka 1967 na kufaulu vizuri, lakini kaka zake wawili walikuwa tayari sekondari na shamba lisingeweza kubeba wa tatu. Hakulinung'unikia jambo hilo mbele ya wazazi. Mbele ya watoto wake mwenyewe alilinung'unikia kila mara walipoleta matokeo mabaya.

Baada ya mafunzo ya upishi katika kituo cha akina mama wa kanisa huko Wundanyi, aliteremka Voi mwaka 1972, akaajiriwa jikoni katika kantini iliyohudumia wafanyakazi wa reli. Hapo ndipo alipomkuta marehemu mumewe, Danson Ndeti, kijana wa Mtito Andei, fundi wa reli, mrefu na mkimya. Siku ya kwanza Danson alikula, akalipa, akainuka. Wakesho akamwambia kama alivyowaambia wote, "Karibu tena." Kesho yake akarudi. Keshokutwa akarudi, hata zamu yake ilipokuwa ya usiku na angepaswa kuwa amelala. Wapishi wenzake walipoanza kucheka, Wakesho alimuuliza kwani kwao hakuna jiko. Danson akajibu kwa uso mkavu, "Si wewe ndiye uliniambia karibu tena? Mimi nimekaribia." Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975. Kwa miaka yote ya ndoa yao, Danson akitoka kwenda kazini, mkewe alimwambia maneno hayohayo mlangoni, naye alirudi.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Hillary, Valentine Mutheu na Morris. Mwaka 1984 walinunua nyumba katika mtaa wa Ukingoni, na hapa inabidi kueleza kidogo, maana wengi mliofika kutoka mbali mmezoea Voi ya barabara kuu na hamkuujua mtaa huo ulivyokuwa. Ukingoni ni safu ya nyumba za mawe kando ya Mto Voi, zilizojengwa na wafanyabiashara waliokuja na reli. Zina mabati ya zamani yaliyoiva rangi, baraza ndefu za mbele, na misingi iliyoinuliwa hadi kwenye goti. Kati ya kila nyumba mbili wajenzi waliacha uchochoro usio na mlango wala dirisha. Ule si wa watu. Ni wa mto. Mgeni akiutazama Mto Voi mwezi wa Septemba huona mchanga na mbuzi, akadhani mto umekufa. Lakini mvua ikinyesha milimani, maji huja na magogo, na yakifika Ukingoni hugawanyika katika vichochoro hivyo, yakapita, yakaenda zake. Watu hukaa barazani wakiyatazama, miguu mikavu.

Mwaka 1987 Mama alifungua hoteli yake katika chumba cha mbele. Chai, mahamri, mbaazi za nazi alizofundishwa na jirani yake Bi. Nasima, ambaye familia ya mumewe imekaa Ukingoni tangu enzi za babu zake. Danson ndiye aliyemleta fundi wa kuandika mabango. Nje fundi aliandika "Ukingoni Hotel". Ndani, juu ya mlango, pale mtu anapoinua macho akitoka, aliandika kwa rangi ya buluu: KARIBU TENA. Hilo lilikuwa wazo la Danson, na wateja hawakujua kwa nini mke na mume walichekeana kila walipolitazama. Danson alifariki tarehe 3 Machi 2011, akazikwa papa hapa. Mama aliendelea na hoteli. Maandishi ya buluu aliyapaka upya kila Desemba, kwa mkono wake, akisimama juu ya stuli ambayo watoto walimkataza kuipanda.

Sasa tunafika mwezi wa Agosti 2019, na wanaokereka wanaweza kukereka.

Vijana watatu wenye vizibao vya manjano walikuwa wakipima kiwanja kilichopakana na nyumba ya Mama, pale palipokuwa na ghala la zamani. Jua lilikuwa kali, jua la Voi halihitaji maelezo. Mama aliwaita kutoka barazani. "Nyinyi watoto, hilo jua litawaua. Karibuni chai." Wakaja, wakala mbaazi, wakaongeza. Mmoja akamwambia, "Mathe, hii mbaazi ni moto sana, Nairobi hakuna kitu kama hii." Mwingine, msichana, alisema mama yake ni mtu wa Mwatate, hukohuko Taita, na kwa sababu hiyo Mama akakataa pesa ya chai. Msichana huyo ndiye aliyeuliza, "Mama, tukileta kitu kikubwa hapa, utaonaje?" Mama alidhani wanazungumzia bomba la maji taka ambalo wakazi waliahidiwa kila uchaguzi. Akamjibu, "Kikubwa kama nini? Nyinyi malizeni chai kwanza." Walimaliza. Aliwasindikiza mpaka mlangoni, wakapiga picha chini ya yale maandishi ya buluu, naye akawaambia, "Haya, karibuni tena."

Mwezi wa Februari 2020 wakazi waliitwa ukumbini kusomewa mradi. Kampuni moja ya Nairobi ilikusudia kujenga jengo la ghorofa kumi na moja kando ya mto, lenye mkahawa juu kabisa ili wageni waangalie ndovu wa Tsavo wakiwa wameshika glasi. Wakazi waliuliza kuhusu njia ya maji. Waliuliza kuhusu nyumba za zamani ambazo zingebaki gizani. Ndipo afisa aliyeongoza kikao akafungua ripoti ya maoni ya wananchi, akasoma kwamba mkazi wa muda mrefu na mfanyabiashara, Bi. P. Wakesho, aliukaribisha mradi mara mbili. Picha ilionyeshwa ukutani: vijana watatu, Mama katikati anatabasamu, na juu ya vichwa vyao KARIBU TENA.

Mara mbili. Karibuni walipoingia na karibuni walipotoka. Hivyo ndivyo walivyohesabu.

Mama alisimama. "Mimi niliwakaribisha chai," alisema.

"Mama, imeandikwa hapa."

"Imeandikwa na nani? Nilikaribisha watoto wenye kiu. Ghorofa ina kiu?"

Watu walicheka, afisa akacheka pia, kisha akasema ripoti imeshawasilishwa na marekebisho hayawezekani. Mama alikaa. Valentine, aliyekuwa kando yake, anakumbuka kwamba hakuna jirani aliyegeuka kumtazama. Kwa sababu kicheko kilipokwisha, swali lilibaki: kwa nini wamwandike yeye? Amekula nini? Mwenyekiti wa wakazi, Bwana Miraj, mume wa Bi. Nasima, mtu aliyemsaidia kushusha jeneza la mumewe, alipita mbele ya hoteli kesho yake bila salamu. Wateja walipungua. Mama hakujitetea mlango kwa mlango. Alichukua stuli ileile, akapanda, akayapaka yale maandishi ya buluu kwa rangi nyeupe mpaka yakapotea.

Na neno lenyewe akaliacha. Mtu aliyelisema maisha yake yote hakulisema tena kwa yeyote. Mteja akiingia alimwambia "pita", au "kaa". Wajukuu wakija likizo aliwaambia "haya, ingieni". Wengine mlidhani Mama amekuwa na kiburi uzeeni, na wengine mlisema hivyo, tulisikia. Hakuwa na kiburi. Aliogopa neno lake mwenyewe, na hakuna uchungu ambao familia hii imeuona unaoufikia huo.

Bi. Nasima hakumwacha. Alimjia kwa mlango wa nyuma, akaketi jikoni bila kuombwa. "Persis," alimwambia, "mimi nakujua mdomo wako. Wewe hata ndovu akikosea njia akaingia uani kwako, utamwambia karibu, kisha umuulize anatumia sukari vijiko vingapi." Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu kikao. Bi. Nasima akaongeza, "Na yule mume wangu ana kichwa kigumu. Mwache, kitalainika."

Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2021. Waliandika barua, walichanga, walipanga foleni katika ofisi ambazo faili lilikuwa limetoka dakika chache kabla hawajafika. Mama alihudhuria kila tarehe ya kesi akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Tarehe nyingi ziliahirishwa: wakili wa kampuni mgonjwa, karatasi hazijakamilika, hakimu yuko likizo. Kusimamishwa kwa ujenzi kuliamriwa, kisha kukaondolewa, kisha kukaamriwa nusu. Wakati wote huo saruji haikuwa ikisoma amri. Mwaka 2022 msingi ulichimbwa, na uchochoro wa maji kati ya kiwanja na nyumba ya Mama ukafungwa kwa ukuta wa zege. Mama alimwonyesha msimamizi wa ujenzi jinsi mto unavyopita pale. Msimamizi aliutazama mchanga, akawatazama mbuzi, akamwambia, "Mama, hapa hakuna mto."

Mwezi wa Juni 2023 Mama alipanda kizimbani. Wakili wa kampuni hakumuuliza habari za maji wala za nyumba. Alimuuliza jambo moja.

"Shahidi, uliwaambia karibuni tena, au hukuwaambia?"

"Niliwaambia."

"Sina swali lingine."

"Subiri, mwanangu," Mama alisema. "Na wewe ukija kwangu nitakupa chai. Utakapotoka na sufuria zangu, utasema nilikukaribisha?"

Aliambiwa ajibu alichoulizwa tu. Alishuka kizimbani akishikilia ubao kwa mikono miwili. Lakini Bwana Miraj alikuwa ameketi nyuma, na alisikia. Jioni ile alikuja Ukingoni, akasimama mlangoni pa hoteli kana kwamba ni nyumba ya watu asiowajua.

"Hodi," alisema.

"Pita ndani, Miraj."

"Hodi."

"Nimekwambia pita. Chai ipo."

"Mimi sikuja kunywa chai, Mama Hillary. Nimekuja nikaribishwe. Nisipokaribishwa nitasimama hapa mpaka alfajiri, na mimi nina magoti mabovu, wajua."

Mama akaanza kulia, na katika kulia kwake akasema, "Karibu." Miraj akaingia. Hakuna aliyeomba radhi kwa maneno, ila tangu siku hiyo majirani wote wa Ukingoni walipiga hodi hata kama mlango ulikuwa wazi, na wote walijibiwa inavyostahili. Neno lilirudi, lakini lilirudi kwa wanaolijua tu.

Mwisho wa Aprili 2024 mvua kubwa ilinyesha milimani. Maji yalikuja kama yalivyokuja siku zote, yakatafuta uchochoro wao, yakakuta ukuta. Yakaingia hotelini. Mama alisimama ndani ya maji hayo akiokoa magunia ya unga na picha ya harusi, kifua kikashikwa na baridi. Homa ya mapafu ilitibiwa, lakini madaktari waligundua kwamba moyo ulikuwa umechoka na umepanuka. Watoto walitaka ahamie kwa Hillary jijini au kwa Morris huko Taveta. Alikataa. Alisema akiondoka, wataandika kwamba alihama kwa hiari. Na kwa jinsi tulivyowajua, wangeandika.

Mwaka huu wa 2025 alilazwa hospitali ya Voi mara kadhaa. Kila alipofungua macho aliuliza kwanza ghorofa imefika wapi, na hakuna aliyethubutu kumdanganya, kwa kuwa iliweza kuonekana kutoka dirisha la wodi. Hukumu ya kesi ilikuwa isomwe mwezi wa Oktoba. Mama alijiandaa, akaomba kitenge kipigwe pasi. Siku ilipofika, hukumu iliahirishwa hadi Januari. Alipoambiwa aligeukia ukuta, akasema, "Wao wana Januari nyingi." Yeye hakuwa na nafasi ya kuahirisha. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa Valentine, anayewasomea haya. Jengo hadi leo limefika ghorofa ya tisa. Tumekasirika, na hatutaki kuwaficha.

Kaburi, kama mtakavyoona, limeelekea milimani, si mjini. Hilo aliliagiza mwenyewe.

Mama ameacha watoto watatu: Hillary Ndeti, Valentine Mutheu na Morris Ndeti, wakaza wana wawili na mkwe mmoja, wajukuu saba, ambao kila mmoja anajua kutengeneza mbaazi, dada yake mdogo aliye Mgange, na jirani zake Bi. Nasima na Bwana Miraj, ambao familia inawahesabu katika orodha hii na haitamwomba mtu ruhusa. Ameiacha nyumba ya Ukingoni, ambayo haiuzwi. Jumatatu Morris na wajukuu waliukwangua ule weupe juu ya mlango, na buluu ya Danson bado ilikuwepo chini yake.

Lipo agizo la mwisho. Kampuni imetuma habari kwamba wawakilishi wake watatu watafika leo na shada la maua, na kwamba wangependa kutoa salamu za rambirambi. Mama alijua watakuja. Alimwambia Valentine akiwa kitandani, "Wapeni viti kivulini. Wapakulieni nyama, msiwapunje, maziko yangu yasiwe ya kumnyima mtu. Lakini mwanangu, lile neno msiwaambie."

Ndugu, marafiki, majirani, waumini wenzake, na nyote mliowahi kula kwa mkono wake: karibuni, na baada ya leo karibuni tena, Ukingoni, mlango ni uleule. Mama Persis Wakesho Ndeti apumzike kwa amani, mahali ambapo neno lake litapokelewa vile alivyolisema.

Wageni wa kampuni, viti vipo, na chakula kipo.